Ukili Chini ya Gurudumu

Mjomba wangu alikuwa dereva wa trekta katika shamba la mkonge upande wa Kibaha. Kabla ya kupanda kwenye kile kiti cha chuma alikuwa mkata mkonge kwa miaka mingi, na mtu akimsifu kwa udereva wake, hakujibu kwa maneno. Alikunja mikono ya shati, akaonyesha makovu ya miiba toka viganjani hadi kwenye viwiko, kisha akaikunjua na kuendelea na mazungumzo mengine. Nimesoma vitabu kadhaa juu ya maendeleo ya binadamu, na sijaona maelezo mafupi kuliko hayo.

Mwaka ule nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu kule Uganda. Nilirudi na sanduku la vitabu na ugonjwa wa kuuliza. Niliuliza kwa nini safari iahirishwe kwa sababu mtu amejikwaa mguu wa kushoto. Niliuliza kwa nini jumbe anatukumbusha kodi sisi kabla ya ndugu zake. Bibi yangu, mama yake mjomba, alikuwa akikaa Kisarawe, na mimi nilifikia kwake. Aliniita mume wangu, kama mabibi wote wanavyowaita wajukuu zao, na kwa maswali yangu yote alikuwa na jibu moja: "Mume wangu, ungekula kama unavyouliza ungekuwa umenenepa."

Shida ya mjomba ilianza na beleshi. Mwenye shamba, Mgiriki mmoja mwenye kofia pana, alinunua mikono miwili ya chuma inayofungwa ubavuni mwa trekta, na mbele ya mikono hiyo beleshi kubwa ambalo watu wawili wangeweza kukaa ndani wakala chakula. Dereva akivuta mpini mmoja, beleshi linapanda na mzigo wake. Barabara za shambani zilikuwa zimeharibika, masika yalikuwa yanakaribia, na changarawe nzuri ilikuwa kwenye vilima vya Kisarawe, si mbali na nyumba ya bibi. Kwa hiyo trekta likaletwa kwenye machimbo pale, mjomba akahamia kwa mama yake, na malori yakawa yanakuja matupu na kuondoka yamejaa, yakizunguka kwa njia ya Pugu kurudi Kibaha.

Ila beleshi likijaa na kupanda, trekta lilitaka kuanguka kifudifudi. Magurudumu makubwa ya nyuma yaliacha ardhi. Na hayo ya nyuma ndiyo yanayoendesha, ndiyo yenye breki. Yakiwa hewani, dereva ni abiria tu. Siku ya kwanza mwenye shamba alikuwa amesimama papo hapo. Nyuma ikanyanyuka, trekta likateleza kwa pua mpaka kwenye lori, likavunja taa. Mwenye shamba hakupiga kelele. Alisema kwa Kiswahili chake cha pole pole kwamba anakwenda Tanga kwa shughuli zake, na akirudi atakuja kutazama tena.

"Nikiona nyuma imenyanyuka, hata kidogo," alisema, "namleta dereva wa Tanga, yule amezoea beleshi. Wewe utarudi kwenye mkonge."

Mjomba alitazama mikono yake. Hakuikunja mikono ya shati siku hiyo.

Kila mtu machimboni alijua trekta linahitaji uzito nyuma. Ubishi ulikuwa uzito gani. Fundi mmoja wa Kibaha alituma habari kwamba Wazungu wengine hujaza maji ndani ya magurudumu, lakini hatukuwa na kifaa cha kuyaingizia, na mjomba alisema hataki gurudumu lake liugue tumbo. Kuna aliyetaja vipande vya reli, ila vile vilikuwa mali ya serikali, na aliyevitaja hakuwa tayari kwenda kuviomba. Mjomba akachagua lililokuwa karibu kuliko yote. Nyuma ya trekta, kwenye mikono ya kunyanyulia jembe, alifunga mbao mbili imara, na juu ya mbao hizo akawakalisha watu.

Watu hao walikuwa wapakizi. Kabla beleshi kubwa halijaja, wao ndio waliokuwa wakijaza malori kwa mabeleshi ya mkono. Mashine ikawanyang'anya kazi, kisha ikawaajiri wawe mawe. Nililiwaza jambo hilo kwa siku kadhaa na nikataka kulizungumza nao, lakini wenyewe walikuwa wamefurahi. Walikaa wameegemeana, miguu inaning'inia, wakipiga soga huku wakipandishwa na kushushwa kwenye mashimo ya machimbo.

Mnene kuliko wote alikuwa Mnyamwezi aliyekuja pwani kukata mkonge akasahau kurudi kwao. Sisi ni Wazaramo, na Mnyamwezi ni mtani wetu. Ana ruhusa ya kusema lolote, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ruhusa hiyo aliitumia tangu alfajiri.

"Mtani," alimwambia mjomba, "mimi nilijua Wazaramo mnapenda kulala kifudifudi. Sikujua mnafundisha hata matrekta."

"Kaa vizuri huko nyuma," mjomba alijibu. "Leo kwa mara ya kwanza tumbo lako lina faida."

"Trekta lako halina makalio, mtani. Limetoka kwao bila makalio, sasa linaazima yangu."

Mimi nilimfuata mjomba alipokuwa akipangusa mafuta.

"Mjomba, kwa nini watu na si mawe?"

"Jiwe litashuka lisukume lori likikwama?"

"Halitashuka. Ndiyo sababu nauliza."

Alinitazama kama mtu anayetazama saa iliyosimama. "Mjomba," alisema, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo pande zote mbili, "watu hawa nimewapima kwa macho. Jiwe sijui limebeba nini tumboni. Mtu namwona."

Nilijaribu kumweleza kwa mfano wa mzega, ule mti wa begani wenye debe la maji mbele na debe nyuma. Nikasema magurudumu madogo ya mbele ndiyo bega. Beleshi ni debe la mbele, na kadiri debe la nyuma linavyokaa mbali na bega, ndivyo linavyovuta zaidi, kwa hiyo uzito uning'inie nyuma kabisa ya trekta wala usiwekwe karibu na kiti. Mjomba alikuwa ameuchukua mzega kabla sijazaliwa, na alinikumbusha. Lakini siku iliyofuata niliona amezisogeza zile mbao nyuma kwa kiasi cha mkono mmoja. Safari hiyo sikuuliza kwa nini.

Basi kazi ikaenda. Malori yalijaa, nyuma ikatulia, mjomba akaanza kupiga mluzi. Hata mimi nilikuwa karibu kukubali kwamba mtu ni uzito kama uzito mwingine.

Kulikuwa na bibi kizee jirani na machimbo aliyekuwa akiwauzia wapakizi mihogo ya kuchemsha na kachumbari ya pilipili. Alikuwa mzee kiasi kwamba watoto wake nao walikuwa wazee. Alifariki usiku, usingizini, na hata waliolia walikiri kwamba ameondoka vizuri. Njia ya kwenda makaburini ilipita kando ya machimbo. Sisi tulidhani atazikwa alasiri. Lakini wenyeji walimaliza mambo mapema, na jeneza likatokea kwenye kona wakati beleshi la mjomba limejaa changarawe na liko juu, linangoja lori lirudi nyuma kidogo.

Asiye wa kwetu inafaa aelezwe. Jeneza likipita, mtu hakai. Unasimama, unaacha ulichoshika, unakwenda kutia bega hata kwa hatua chache, kisha unampokeza mwingine. Hakuna anayefikiria jambo hilo. Miguu inafanya yenyewe. Na huyu alikuwa mama aliyewalisha mihogo.

Wakashuka wote kwa pamoja.

Niliona mbao zikiruka juu kwanza. Kisha trekta lote, polepole, kwa adabu, likainama mbele. Beleshi likatua chini kwa kishindo, changarawe ikamwagika mpaka kwenye miguu ya dereva wa lori, na magurudumu makubwa ya nyuma yakabaki hewani yakizunguka. Mjomba alikuwa bado yuko kitini, ila sasa kiti kilikuwa juu kama kwenye mnazi. Alishika usukani kwa mkono mmoja, na jeneza lilipokuwa linapita chini yake alivua kofia kwa mkono wa pili na midomo yake ikasoma dua. Waombolezaji walitazama juu, wakatazama chini, wakaendelea na njia yao. Mabega kadhaa niliyaona yanatikisika, na sidhani kwamba yote yalikuwa yanalia.

Mtani wetu alirudi kutoka makaburini jioni, jasho linamtoka. Mazishini watani wana kazi yao ya kuwachekesha wafiwa, na siku hiyo hakuwa na haja ya kutunga kitu.

"Nimewaambia wafiwa," alimwambia mjomba, "marehemu alikuwa mtu mkubwa. Hata trekta la Mgiriki limemrukuia."

Mjomba alicheka kwa sababu ilimlazimu kucheka. Kisha alikaa kwenye kizingiti cha nyumba ya mama yake akavua viatu na kuvitazama. Msimamizi wa shamba alikuwa amepita na kusema tajiri anarudi Jumatatu.

"Mkonge ule," mjomba alisema, bila kumwambia mtu yeyote, "unachoma hata kupitia ngozi ya ng'ombe."

Bibi alikuwa sebuleni anashona mkeka. Alikuwa na rundo la ukili, ile mikanda mirefu ya miyaa iliyosukwa ambayo huunganishwa ukingo kwa ukingo mpaka iwe mkeka. Hakuinua kichwa. "Lifanyie trekta lako kisanduku," alisema. "Kitie mawe. Mawe hayaendi mazikoni."

Kesho yake mapema tulitengeneza kisanduku kwa mbao za mninga zilizobaki msimamizi alipotengeneza dari lake, tukakifunga kwa vyuma pembeni, tukakitundika chini kabisa kwenye ile mikono ya kunyanyulia jembe. Hapo ndipo ubishi wa kweli ulipoanza, kwa sababu sasa haikuwa watu au mawe tena, ilikuwa mawe mangapi. Mjomba alitaka kijazwe mpaka juu tumalize. Fundi wa mbao wa jirani, aliyetusaidia, alisema mikono ile itakatika. Mimi nilitaka kupima, wakaniuliza kwa mzani gani, maana mkubwa uliokuwa karibu ulikuwa wa duka la Mhindi na ulikuwa wa kupimia gunia la mchele.

Jibu lilikuwa limekaa mapajani mwa bibi. Sikulipata kwa busara. Nililipata kwa sababu nilikuwa nakanyaga ukingo wa ukili wake, naye akauvuta, nao haukutoka.

"Nyanyua mguu, mume wangu."

Nikanyanyua kidogo tu, ukatoka kwa shida. Nikanyanyua zaidi, ukateleza wote.

"Bibi, niazime huu."

"Wa nini?"

"Wa kuweka chini ya gurudumu la trekta."

Kwa mara ya kwanza tangu nirudi, yeye ndiye aliyeuliza. Aliuliza maswali mengi, tena mazuri, na mwisho akasema ukili ni wake na kama kuna wa kuuvuta ni yeye.

Basi tukaenda machimboni, bibi mbele na ushungi wake, sisi nyuma. Mjomba aliegesha trekta gurudumu la nyuma likiwa juu ya ukili, ncha moja ikabaki nje. Wapakizi wakachukua mabeleshi ya mkono na kulijaza beleshi kubwa pale pale lilipo. Niliona walivyoyashika yale mabeleshi, kama watu waliokutana na ndugu. Mjomba akainua mzigo kiganja kimoja tu kutoka ardhini, ili ukishuka usimdhuru mtu. Bibi akasimama pembeni, mbali na chuma, akavuta.

Ukili ukatoka wote kama ulimi.

"Unateleza," bibi alisema.

Wakatia mawe kisandukuni. Tukaurudisha ukili, bibi akavuta tena.

"Bado."

Mawe. Kuvuta. "Bado. Sasa unakwaruza."

"Mama, vuta kwa nguvu," mjomba alisema kutoka kitini.

"Navuta. Ningekuvuta wewe hivi ungekuwa umeota kipara."

Mara ukakataa. Bibi alivuta kwa mikono miwili, akaegemea nyuma, ukili ukabaki pale pale. Tukashangilia. Mjomba akaagiza mawe mengine kidogo, kwa ajili ya mteremko, kisha mengine, kwa ajili ya tajiri. Mtani akakaa chini na kujifuta jasho, akasema sasa trekta limepata makalio halali, hata mahari limelipiwa.

"Na likiwa halina mzigo mbele?" niliuliza.

Wote wakanitazama.

"Beleshi likiwa tupu na nyuma kuna mawe yote hayo, magurudumu ya mbele yanakanyaga nini? Dereva atakata kona kwa kutumia nini?"

"Msomi," mtani alisema, "swali moja jingine na mimi narudi Tabora kwa miguu."

Lakini mjomba alikuwa ameshakubali uchungu wa maswali. Alimwaga changarawe, tukauweka ukili chini ya gurudumu dogo la mbele, bibi akauvuta kwa vidole viwili. Ukateleza. Tungeliacha vile, angepanda kilima na beleshi tupu, azungushe usukani, na trekta liende linakotaka lenyewe. Wapakizi walianza kutoa mawe waliyoyatia sasa hivi, huku wakitaja majina ya watu wote wa ukoo wetu waliokwenda shule. Yalitolewa mengine, yakarudishwa mengine. Mwisho tulifika mahali ambapo ukili ulikataa kutoka nyuma mzigo ukiwepo, na ulikataa kutoka mbele mzigo usipokuwepo. Kisanduku kilikuwa hakijajaa. Mjomba, aliyetaka kijae, na mimi, niliyeanza kwa kutaka kila jiwe lipimwe, tulikitazama pamoja. Bibi aliukunja ukili wake. Ulikuwa na alama nyeusi za mpira, nene, za mshazari.

Jumatatu mwenye shamba alikuja. Hakusalimia. Alisimama mahali pale pale aliposimama mara ya kwanza, mikono nyuma. Mjomba alichota beleshi la kwanza, akalipeleka chini chini mpaka kwenye lori, akalipandisha, akamwaga. La pili vile vile. Mwenye shamba alikuwa haangalii beleshi wala lori. Alikuwa anaangalia magurudumu ya nyuma tu, pale yanapogusa ardhi. Nami pia.

Kisha lori lililojaa lilipoanza kuondoka likazama kwenye changarawe laini. Msimamizi akapiga ukelele watu wote waje kusukuma. Wapakizi wakakimbia, mtani akakimbia kwa namna yake, na nyuma ya trekta hapakubaki mtu hata mmoja. Mjomba alikuwa na beleshi limejaa, limeinuliwa, akingoja. Nilimwona akigeuza shingo kutazama nyuma. Sijui alikuwa anatafuta nini. Labda watu wake.

Magurudumu hayakunyanyuka. Lori lilisukumwa kwa muda mrefu, na muda wote huo trekta lilisimama na mzigo wake juu kama limeota pale.

Mwenye shamba akaenda nyuma, akakipiga teke kisanduku, akainama kuangalia mawe.

"Nani amechagua huu uzito?"

"Mimi," mjomba alisema.

"Na mama yake," mtani alisema kutoka kwenye lori.

Mwenye shamba alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akavaa kofia yake vizuri. "Masika yanakuja," alimwambia mjomba. "Endelea." Akaenda zake kwenye gari. Dereva wa Tanga hakuja, wala hatukumsikia tena.

Jioni mjomba alikunja mikono ya shati mbele ya kila mgeni aliyepita, hata wale ambao hawakuuliza. Mimi, kwa kuwa ugonjwa wangu haukupona, nilimwambia kwamba hatuna hakika. Pengine si mawe. Pengine ni kwa sababu siku hiyo alikuwa na hofu, akaliendesha beleshi chini chini kuliko siku zote. Tungejua kweli kama tungejaribu tena bila kisanduku, kwa uangalifu ule ule.

"Mjomba," alisema, "rudi chuoni."

Ule mkeka bibi aliumaliza kabla sijaondoka, na ukili wa trekta hakuutupa. Aliushona katikati pamoja na kili nyingine. Nikija likizo naukuta umetandikwa barazani, na mjomba akiwa na wageni huugeuza kidogo kwanza, ili alama zile nyeusi ziwe upande wake, kisha ndipo anakaa. Nilimuuliza bibi kama alama za mpira zinatoka kwa sabuni.

"Sijajaribu," alisema. "Na wewe usijaribu."